Mpangaji Aliyependa Majina ya Utani

Mhariri wetu alikaa bungeni miezi saba, na mji mzima ukampa jina hilohilo, Miezi Saba. Akipita sokoni wanawake walimwita Mheshimiwa usoni, akishageuka wanamalizia, "wa Miezi Saba," naye alijua, na alicheka nao. Mimi nilikaa kaunta ya gazeti lake miaka kumi na minne, nikipokea matangazo ya mbuzi waliopotea, nyumba za kupangisha na shukrani za msiba, na mchana nikimsomea prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo nilimwona akiwa mhariri, nikamwona akiwa mgombea, nikamwona akirudi na masanduku.

Gazeti lilikuwa la kurasa nane, linatoka kila Alhamisi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mikutano na mafuriko, na sidhani kama kuna mtu aliusoma. Watu walianzia ukurasa wa tano, Barua za Wasomaji. Huko ndiko mji ulikosemea yake. Mtu aliandika anachokijua, akajipa jina la kalamu, lakini Miezi Saba alikuwa na sharti alilolirithi kwa baba yake, mwanzilishi wa gazeti: barua haichapwi mpaka mhariri amjue aliyeiandika. Unakuja mwenyewe, unajitambulisha, anakuandika kwenye daftari lake. Jina la kalamu upande huu, mtu mwenyewe upande ule. Daftari hilo sikuwahi kulifungua. Niliona tu watu wakiingia chumbani kwake na bahasha na kutoka mikono mitupu, na kwa mdomo nilionao, kulinyamazia hilo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya pale.

Ubunge aliupata kwa sababu ya ukurasa huohuo. Aligombea bila gari na bila kofia za kugawa, akashinda kwa kura mia tatu na kitu. Mwezi wake wa tano akasimama bungeni kuuliza kuhusu uwanja wa hospitali yetu, ule ulio nyuma ya wodi ya wazazi, ambao gazeti lilisema umekatwa viwanja saba na wamiliki wake kubadilishwa mara mbili ndani ya wiki moja. Tulimsikiliza redioni, watu wamejaa kaunta mpaka mlangoni. Waziri akamjibu kwamba mheshimiwa anatusomea barua za watu wasiokuwepo. Hapo akapandwa na mori. Tulimsikia akigonga meza.

"Wapo, Mheshimiwa Spika. Majina yao ninayo kwa maandishi, kwenye droo yangu, hatua mia moja kutoka hapa."

Kaunta nzima ilipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kesi ya kupinga uchaguzi wake ilikuwa imelala tangu siku ya matokeo. Wiki hiyo ikaamka. Mwezi wa saba mahakama ikafuta ushindi wake, akapewa siku moja kuondoka, na ofisi yake ikafungashwa na watu asiowajua. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akavaa miwani, akauliza prufu ziko wapi. Mji ukaenda hivyo mwaka na zaidi.

Mpangaji alifika mwanzoni mwa kiangazi, akachukua chumba juu ya duka la fundi cherehani. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake limenyooka kwa pasi, na viatu vyake havikuwa na kelele. Siku ya pili akaja kaunta na tangazo lake, mwandiko mzuri kabisa. Anaandika kitabu kuhusu miji midogo. Anatafuta majina ya utani ya watu wa mji huu na visa vyake. Mwenye cha kusimulia asisite kumtafuta. Nikampelekea Miezi Saba, akalisoma, akacheka, akaandika pembeni, "Liende ukurasa wa tano."

Na mtu mwenyewe alikuwa raha, siwezi kumsingizia. Alikumbuka mtoto wa nani anaumwa na nani kahama. Alicheka pale panapochekesha, hakucheka kabla. Nyumba yangu haijawahi kukosa watu. Mume wangu ni dereva wa malori, yuko njiani siku ishirini za mwezi, na mimi sijui kukaa kimya, na mama mkwe wangu ndiyo kabisa. Ikifika saa kumi kibarazani hapana pa kuweka mguu. Mtu pekee asiyekaa nasi ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, karani wa ofisi ya ardhi. Yeye akitoka kazini husalimu, huvuka watu, huingia chumbani kwake. Sauti yake ni ndogo hivi kwamba ofisini watu huingiza kichwa dirishani ndipo wamsikie.

Mpangaji akawa mtu wa kibarazani kwangu. Alikuja na daftari dogo la mfukoni, anapewa chai, anauliza.

"Nimesikia sokoni wakimtaja mtu anaitwa Saa Sita. Ndiye nani huyo?"

Tulimgombania kama abiria. Mama mkwe akatushinda wote.

"Mwalimu mkuu," akasema. "Saa yake ilikata roho usiku, saa sita kamili. Asubuhi yupo darasani, anaitazama, anasema, aa, kumbe mchana umefika. Akapiga kengele, shule nzima ikarudi nyumbani. Ilikuwa saa nne."

"Na watoto hawakumwambia?"

"Wewe ungemwambia?"

Mpangaji alifuta machozi kwa kicheko. Siku nyingine akauliza Nusu Kidonge ni nani. Fundi cherehani akamwambia ni mgawa dawa wa zahanati, kwa kuwa ukimwendea na homa atasema meza nusu kwanza tuone, na ukimwendea mguu umevunjika atasema hivyohivyo. Juma lililofuata akauliza Kiatu Kimoja. Hicho nilikisimulia mimi, na nilikisimulia vizuri, nikasimama na kuchechemea: mpima mizani wa ghala la mazao alivyokimbizwa na mbwa wa jirani, kiatu kikabaki na mbwa, naye kwa kuogopa kuchelewa akafika kazini na kingine, akapima magunia siku nzima kama hakuna kilichotokea. Mpangaji akaandika. Akauliza ghala lenyewe ni lipi, la barabara ya juu au la chini. Nikamwambia la chini.

Mwalimu mkuu alichukuliwa shuleni kipindi cha tatu. Gari jeupe, watu wawili wenye adabu. Walisema ni mkutano wa wilaya. Mkutano ulipofika siku ya tisa, watu wakaanza kusema amehamishwa, wengine wakasema ni mambo ya mitihani. Baiskeli yake iliegemea ukuta wa ofisi mpaka matairi yakaisha upepo, na hakuna mwalimu aliyethubutu kuisogeza. Mgawa dawa aliitwa kwa mazungumzo mafupi. Mke wake akampelekea nguo za kubadilisha pale alipoambiwa yuko, akarudishwa nazo, kwamba mtu huyo hawajawahi kumwona. Sisi tuliyazungumza hayo kibarazani, na mpangaji alikuwepo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akampa pole jirani aliyekuwa rafiki wa yule mke. Kila jambo tulilipa sababu yake. Tulikuwa hodari wa kutafuta sababu.

Halafu Jumatatu moja asubuhi mke wa mpima mizani akaja kaunta. Alitaka tangazo la kutafutwa mtu. Nikatoa fomu, nikaanza kumuuliza kama ninavyomuuliza yeyote, urefu, rangi, alama.

"Alivaa shati gani?"

"La kijani. La kazini."

"Viatu?"

"Hakuvaa. Viatu vyote viwili viko mlangoni."

Niliandika hivyohivyo. Nikalipeleka kwa Miezi Saba. Akalisoma akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Kisha akainuka akafunga mlango. Miaka kumi na minne sijawahi kuuona mlango ule ukifungwa nikiwa ndani.

"Mpangaji wako," akasema, "amekuwa akiuliza majina gani?"

"Si wangu peke yangu. Ni wa watu wote."

"Nitajie. Kwa mpangilio aliouliza."

"Saa Sita. Nusu Kidonge. Kiatu Kimoja."

Akavuta droo, akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaligeuzia upande wangu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuliona ndani. Mzazi Mwenye Uchungu, na mbele yake, Saa Sita. Mgonjwa wa Kudumu, na mbele yake, Nusu Kidonge. Mkulima Aliyechoka, Kiatu Kimoja. Moja chini ya jingine, kama nilivyoyataja.

"Huandiki majina yao ya kweli," nikasema.

"Baba alikataa. Alisema jina la cheti polisi yeyote atalisoma. La utani litasomwa na mji wenyewe tu."

"Na mji umemsomea."

Alivua miwani, akaniambia mambo ambayo hakuwahi kuyatia kwenye mizaha yake ya bungeni. Alipochaguliwa alikwenda na daftari kwa sababu hapa hakumwamini mtu, na akanitazama kwa aibu kidogo, maana nilikuwa miongoni mwa hao wasioaminiwa. Aliliweka kwenye droo ya ofisi kule. Siku ya kufungashwa masanduku yalikuja manne, daftari halimo. Akakosa usingizi wiki tatu. Wiki ya nne likafika peke yake kwa posta, limefungwa kwa karatasi nzuri na kamba, hata kona haikukunjwa.

"Nilifurahi sana," akasema. "Niliwaandikia barua ya shukrani."

"Uliwashukuru?"

"Kurasa mbili. Nikawaambia hawajui wamenirudishia kitu gani."

Nje fundi mitambo alikuwa anapiga nyundo chuma fulani, na kwa mara ya kwanza nilitamani aendelee. Miezi Saba akaweka kidole chini ya Kiatu Kimoja. Palikuwa na mstari mmoja zaidi. Jirani wa Hospitali, na mbele yake, Tarumbeta.

Tarumbeta ni wifi yangu. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa mchanga, kwa kuwa akilia mtaa mzima unaamka, na lilikufa alipokua akawa mtu wa sauti ndogo. Nje ya familia walilijua wachache tu waliokulia mtaa uleule, na Miezi Saba alikuwa mmoja wao. Mimi nilimwona wifi kila siku akivuka kibarazani na mkoba wake, nikadhani hana la kusema.

"Sikuwahi kumwona akiingia hapa na bahasha," nikasema.

"Alikuja Jumapili zote. Habari zote za uwanja wa hospitali ni zake. Namba za faili, tarehe, nani alitia saini. Mpangaji amekuuliza kuhusu Tarumbeta?"

"Jana. Nilikuwa na haraka, nikamwambia nitakumbuka. Anakuja leo jioni."

"Basi usiseme kitu."

"Mzee, mimi nikinyamaza atajua hapohapo."

Alicheka, na kicheko chenyewe kilikatika njiani. "Kweli. Basi sema uongo. Unaweza?"

"Nimeuza matangazo miaka kumi na minne," nikamwambia.

Uongo niliutengeneza njiani kurudi nyumbani. Nikachagua mzee kinyozi, marehemu, aliyekuwa na sauti nene. Marehemu hachukuliwi na gari. Mama mkwe nikampeleka uani nikamwambia yote, na akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Binti yangu," akasema.

"Ndiyo, mama. Ukisikia jina hilo, wewe hulijui. Mimi nitasema ni la marehemu kinyozi."

"Mimi si mtoto."

Mpangaji alifika saa kumi na nusu pamoja na fundi cherehani. Wengine niliwazuia kwa visingizio, kwa hiyo tulikuwa wanne tu, na viti vingi vitupu vikituangalia. Nadhani aliviona. Akapokea chai, akasifu, akamsikitikia mke wa mpima mizani. Ndipo akafungua daftari lake.

"Ile hadithi ya jana uliniahidi. Tarumbeta."

"Ah, Tarumbeta," nikasema, nikacheka. "Mzee kinyozi huyo, wa pale kona. Alikuwa akikunyoa huku anaongea, anasikika mtaa wa pili. Watu walikuwa wanajua nani kanyolewa na ana ugomvi na nani kabla hajatoka kitini."

Fundi cherehani alicheka. Alikuwa mgeni mjini, miaka kumi tu, akaniamini. Lakini mama mkwe alikuwa kimya. Mtu ambaye angeingilia hotuba ya rais alikuwa amekaza macho kwenye kikombe, midomo imefumba kama mfuko ulioshonwa. Mpangaji akamtazama, akanitazama, akamrudia yeye.

"Pole, mama. Alikuwa ndugu?"

"Jirani," mama mkwe akasema.

"Nimesikia alifariki. Ni lini hasa?"

Hapo alimpata. Mama mkwe ndiye kalenda ya misiba ya mji wetu, na swali la namna hiyo halijawahi kumpita bila jibu. "Mwaka jana," akasema, mgongo ukinyooka, "wiki ile daraja lilipobomoka. Tulimzika Jumanne."

"Mwaka jana," mpangaji akarudia. Akafunua kurasa za nyuma za daftari lake, taratibu, akasoma kitu, akalifunga bila kuandika. "Mungu amrehemu. Chai yako, mama, sijapata kuinywa mahali pengine."

Akaaga vizuri, mmoja mmoja. Alikuwa amefika getini nilipoelewa. Barua ya mwisho ya Jirani wa Hospitali ilitoka miezi minne iliyopita. Niliisoma prufu mimi mwenyewe, nikaweka nukta zilizosahaulika. Marehemu wangu alikuwa ameandika gazetini akiwa amezikwa tangu mwaka jana. Na sasa mpangaji alijua si tu kwamba nimedanganya. Alijua kuna mtu ninayeweza kumdanganyia.

Wifi aliporudi nilimwambia yote, na mama yake akiwa mlangoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza.

"Ondoka kesho alfajiri," nikasema. "Kaka yako yuko njiani, atakuchukua popote."

"Nisipoonekana kazini kesho nimejitaja," akasema. "Watatu hao wametajwa, mimi bado. Mpaka leo mimi ni mtu wa dirishani tu."

Ilikuwa kweli.

Siku iliyofuata nilifika ofisini nikamkuta Miezi Saba amekwisha fika, amevua koti, anaandika kwa mkono. Nikamsimulia kibaraza chote, pamoja na tarehe. Hakunilaumu. Alimaliza mstari aliokuwa anauandika, akaufuta, akauandika upya. Jumatano alinipa prufu ya ukurasa wa kwanza. Hakukuwa na mkutano wala mafuriko.

Iliandikwa hivi: "Barua zote zilizochapwa katika gazeti hili kwa majina ya Mzazi Mwenye Uchungu, Mgonjwa wa Kudumu, Mkulima Aliyechoka na Jirani wa Hospitali niliziandika mimi. Daftari la wasomaji ni la kubuni. Nilijaza humo majina ya utani ya watu wa mji huu bila wao kujua, ili siku moja nikiulizwa nionekane nina watu nyuma yangu. Bungeni nilidanganya. Wasiohusika waachwe." Chini yake palikuwa na jina lake kamili na ule wadhifa wake wa zamani.

"Hakuna atakayenunua gazeti hili tena," nikamwambia. "Watu watasema miaka yote walikuwa wanasoma utunzi wako."

"Watasema hivyo."

"Na baba yako."

"Baba yangu hakugonga meza," akasema. "Mimi ndiye niliyegonga."

"Na wakikuamini?"

"Si lazima waniamini. Wanahitaji mtu mmoja aliyekiri kwa maandishi. Nikiwapa huyo, wa kazi gani tena karani wa dirishani?" Akanyoosha kidole kwenye mstari wa tatu. "Hapo pamekosekana koma."

Niliiweka koma. Nilisoma prufu ile mara tatu, na mara zote tatu nilijaribu kuona tundu, kama anavyofanya mtu anayekagua mtumbwi kabla ya kuingia baharini. Sikuliona. Nilitaka nisilione.

Alhamisi mpangaji alikuwa mtu wa kwanza kaunta. Akachukua nakala, akaisoma amesimama, ukurasa wa kwanza wote, bila kusogeza midomo. Nilikuwa napanga fomu ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Anaandika vizuri huyu mzee," akasema. "Yuko ndani?"

"Yuko."

Akaingia bila kubisha hodi. Sikusikia sauti ya juu, wala kitu kudondoka. Muda wa kunywa kikombe cha chai, mlango ukafunguliwa, Miezi Saba akatangulia amevaa koti, miwani mfukoni. Gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya duka la vitambaa. Alipofika kaunta akasimama kidogo.

"Ukurasa wa saba mbuzi mmoja ametangazwa mara mbili," akasema. "Mweleze mwenyewe asije akadhani kapoteza wawili."

"Nitamweleza, mzee."

Mpangaji alimfungulia mlango wa gari na kumwekea mkono kichwani asijigonge.

Kazi ilikufa siku hiyo. Watu walikuja kusoma ukurasa wa kwanza, wakanitazama, wakaenda zao. Wengine walicheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa. Saa nane fundi cherehani akapita kunihabarisha kwamba mpangaji kahama, chumba kimefagiliwa, hata pini hakuacha.

"Mtu mwema," akasema. "Tangu Jumatatu tulipotoka kwako alikuwa anakusifu. Akaniuliza nyumba ile yenye raha ina watu wangapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mama, wewe, mumeo wa malori, na wifi yako wa ofisi ya ardhi. Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna," nikasema.

Nilifunga kaunta na kwenda nyumbani kwa mguu, nusu nikikimbia. Kibarazani mama mkwe alikuwa amekaa peke yake. Saa kumi na moja, dakika ileile ya kila siku, wifi akaingia getini na mkoba wake. Nilimkimbilia. Nikamwambia kuhusu Miezi Saba, ingawa alikuwa amekwisha soma. Ofisi yote ilikuwa imesoma.

"Leo kuna mkubwa mgeni alikuja kututembelea," akasema kwa sauti yake ile. "Alipita akisalimu kila dirisha. Alipofika kwangu nilikuwa nimeinamia faili. Akasema, habari za mchana, Tarumbeta."

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Niliitika." Akatutazama, mama yake kwanza, kisha mimi. "Tangu baba afe hakuna aliyeniita hivyo. Niliitika kabla sijafikiri. Nikasema nzuri, nikamtazama usoni. Akatabasamu, akaenda dirisha la pili."

Nilimshika mkono. "Twende kwa nyuma. Sasa hivi, kama ulivyo."

"Kwa nyuma kuna mtu amekaa juu ya tofali tangu saa tisa," mama mkwe akasema. "Nilidhani anamsubiri jirani. Nikamsalimu."

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, mtaa una watoto, mtu fulani anatwanga. Wifi alikaa kwenye kiti ambacho mpangaji alikuwa akikipenda, akaweka mkoba magotini, akanivuta karibu mpaka sikio langu likawa mdomoni pake.

"Sikiliza, wifi. Usiandike popote," akasema. "Kabati la tatu, rafu ya chini, nyuma ya mafaili ya mashamba. Viwanja ni saba. Cha kwanza ni arobaini na moja mkwaju sita."

"Arobaini na moja mkwaju sita," nikarudia.

"Aliyekipokea, tazama saini ya tarehe tisa. Cha pili ni arobaini na moja mkwaju nane."

Alikuwa amefika cha tano gari lilipopunguza mwendo getini. Hakugeuka. Aliendelea, polepole, akihakikisha narudia kila namba, na mimi ambaye mji mzima unajua sijawahi kutunza neno nilikuwa nazipanga kichwani moja baada ya nyingine.